Rams na Chargers chini ya paa moja: timu zinavyohamishwa na uwanja wa pamoja unavyojengwa

#1 Pango_na_Sheria

Wakuu, salaam.

Kila ikitoka habari ya timu kuhama mji, mjadala unaishia kwenye "tajiri kaamua". Tajiri ana nguvu, sikatai. Ila hata yeye hawezi kubeba timu usiku akaondoka nayo kama mtu anayehama chumba. Kuna mkataba wa pango, kuna kura ya wamiliki wenzake, kuna ada, kuna ardhi. Ukikosa kimoja, unabaki ulipo. Tuchambue kesi moja kwa kina: Rams kutoka St. Louis na Chargers kutoka San Diego, hadi wote wawili kuishia kwenye uwanja wa SoFi pale Inglewood, jirani na Los Angeles. Tunazungumzia futiboli ya Kimarekani, ligi ya NFL yenye timu 32.

Mwanzo wa yote ni kipengele kimoja cha mkataba. Rams waliondoka Los Angeles baada ya msimu wa 1994, na msimu huohuo Raiders, timu ya pili ya mji huo, nao wakarudi Oakland. Jiji la pili kwa ukubwa Marekani likakaa misimu 21 bila timu. St. Louis, ili iwapate Rams, ilijenga uwanja wenye paa kwa fedha za umma, halafu ikakubali sharti zito: uwanja uwe ndani ya robo bora ya viwanja vyote vya ligi, na upimwe mara mbili, 2005 na 2015. Ukishindwa kipimo, mkataba wa miaka 30 unageuka kuwa wa mwaka hadi mwaka.

Hebu fikiria maana yake. Robo bora ya timu 32 ni viwanja 8. Kila timu nyingine inapojenga uwanja mpya, wako unashuka daraja bila wewe kuharibu hata kiti kimoja. Jiji lilitia saini deni lisilojulikana ukubwa wake.

2012 pande zikaleta mapendekezo ya ukarabati. Mamlaka ya uwanja ikasema kazi ya dola milioni 124 inatosha. Rams wakaleta michoro ya takriban milioni 700. Wakaenda kwa wasuluhishi watatu, na Februari 2013 wasuluhishi wakasema mpango wa Rams ndio unaotimiza mkataba. Jiji likakataa kulipa. Kuanzia mwisho wa msimu wa 2014 Rams walikuwa huru kuondoka mwisho wa msimu wowote, na hawakuwa wamevunja chochote.

Somo la kwanza kwa yeyote anayeandika mkataba wa uwanja wa umma: usikubali kamwe kipimo kinachotegemea majirani wamejenga nini. Andika vitu vinavyohesabika, kama vyoo vingapi, taa za nguvu gani, vyumba maalumu vingapi, paa likaguliwe baada ya miaka mingapi.

#2 Mdau_wa_Jukwaani

Mkuu ahsante kwa uzi. Naomba ufafanuzi hapo kwenye kura. Kama mkataba umeshafunguka, wamiliki wengine wanahusikaje?

#3 Pango_na_Sheria

Mkuu, mkataba wa pango ni kati ya timu na uwanja. Haki ya kucheza kwenye mji fulani ni ya ligi. Ndiyo maana kuna hatua zake:

Timu inapeleka maombi kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, yakiwa na hesabu za timu, hali ya uwanja wa sasa, na ushahidi kwamba ilijaribu kwa nia njema kuelewana na mji wake. Ligi inafanya vikao vya kusikiliza wananchi. Kamati ya wamiliki inatoa maoni. Kisha robo tatu ya wamiliki lazima wakubali, yaani kura 24 kati ya 32.

Rams, Chargers na Raiders wote waliomba kwa pamoja Januari 2016, na wote walitaka Los Angeles. Chargers na Raiders, wapinzani wa jadi, walikuwa na mpango wao wa kujenga uwanja mmoja Carson, kwenye ardhi iliyokuwa dampo la taka, kwa takriban dola bilioni 1.7. Kamati ya wamiliki sita ikapendekeza Carson kwa 5 dhidi ya 1. Wengi tungedhani habari imekwisha hapo. Lakini Januari 12, 2016 mjini Houston wamiliki walipopiga kura ya siri, Inglewood, mpango wa Rams, ikaongoza, ingawa haikufika 24. Wakakaa tena hadi yakapatikana maelewano: Rams waende, Chargers wapewe mwaka mmoja wa kuamua kujiunga nao, na Chargers wakikataa nafasi iende kwa Raiders. Kura ikawa 30 kwa 2.

Kilichoipa Inglewood nguvu ni ardhi. Mmiliki wa Rams, Stan Kroenke, alinunua ekari 60 mnamo 2014, akaungana na waliokuwa wakimiliki eneo la jirani la Hollywood Park, wakapata ekari 298 kwa jumla. Februari 2015 baraza la mji likaupitisha mradi kwa kura 5 bila kupingwa. Walitumia njia ya kukusanya saini za wapiga kura, njia ambayo kisheria iliruhusu mradi kuepuka mchakato mrefu wa tathmini ya mazingira. Wakati wengine wanaonyesha michoro, yeye anaonyesha hati ya ardhi na kibali.

#4 Mkaguzi_Hesabu

Naomba niongezee upande wa fedha, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Kuhama kuna ada inayolipwa kwa ligi na kugawanywa kwa wamiliki wengine. Kwa Rams na Chargers ilikuwa dola milioni 645 kila mmoja kwa awamu za miaka 10, au milioni 550 kwa mkupuo. Raiders walipokubaliwa kwenda Las Vegas Machi 2017, kwa kura 31 kwa 1, ada yao iliripotiwa kuwa takriban milioni 378. Tofauti inatokana na ukubwa wa soko unaloingia: mji mkubwa, ada kubwa.

Sasa Chargers. San Diego waliwekewa kura ya wananchi Novemba 2016, iliyoitwa Measure C, kupandisha kodi ya vyumba vya hoteli ili kujenga uwanja na ukumbi wa mikutano. Kwa kuwa ilihusu kodi ilihitaji theluthi mbili. Ilipata asilimia 43 tu. Januari 12, 2017, mwaka kamili tangu kura ya Houston, Chargers wakatangaza wanaondoka baada ya miaka 56 San Diego, na wakalipa kama milioni 12.8 kuvunja pango la uwanja wa zamani. Ndiyo, milioni 12.8 tu. Adhabu ya kuvunja mkataba ilikuwa imeandikwa ishuke kila mwaka, kwa hiyo kadiri mji ulivyochelewa kuelewana na timu ndivyo mlango wa kutokea ulivyozidi kuwa rahisi.

Linganisheni namba hizo mbili, 12.8 na 645. Mji uliopoteza timu ulilindwa kwa kiasi kidogo mno kuliko kile walichochota wamiliki wengine wa ligi.

#5 Fundi_Zege

Wakuu, wenye sheria na hesabu wamenena. Mimi nakuja na udongo.

Eneo la SoFi liko chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua uwanja wa LAX, kilomita chache tu magharibi. Mamlaka ya anga haikubali jengo refu pale. Uwanja wa watu 70,000 wenye paa hauwezi kuwa mfupi. Jibu likawa kuuzamisha: sehemu ya kuchezea iko futi 100 chini ya usawa wa ardhi, sawa na mita 30 hivi. Ukiingia kutoka barabarani unaingilia katikati ya jengo, na watazamaji wengi wanashuka kwenda kwenye viti vyao.

Kuzamisha kuna bei yake. Waliondoa yadi za ujazo milioni 7 za udongo, ambazo ni karibu mita za ujazo milioni 5.4. Chukua lori la kubeba mita za ujazo 15, utapata safari zaidi ya laki tatu na nusu. Ujanja ni kwamba sehemu kubwa ya udongo huo usisafirishwe mbali, utumike kuinua na kusawazisha maeneo mengine ya shamba hilohilo la ekari 298. Ungekuwa na kiwanja kidogo katikati ya mji, gharama ya malori peke yake ingekuvunja mgongo.

Shimo la mita 30 halisimami lenyewe. Kuta zake ni za udongo ulioimarishwa: unamwaga tabaka la udongo, unalishindilia, unalaza vipande virefu vya chuma vilivyofungwa kwenye vibamba vya zege upande wa uso, unamwaga tabaka jingine, unashindilia, hivyo hivyo hadi juu. Uzito wa udongo unakikaba chuma, chuma kinashika kibamba, ukuta unasimama. Adui wa ukuta wa aina hii ni maji nyuma yake. Kama mifereji ya kupitisha maji haikuwekwa vizuri au imeziba, udongo unalowa, unakuwa mzito na unateleza, na ukuta unasukumwa mbele.

Na maji yalikuja kweli. Ujenzi ulizinduliwa Novemba 2016, na majira ya baridi yaliyofuata mvua zikanyesha California kuliko kawaida. Wakati huo kazi ilikuwa shimo tu. Shimo likawa ziwa. Ukishafikia zege na chuma unaweza kuhamishia mafundi sehemu nyingine siku ya mvua, lakini kwenye hatua ya kuchimba hakuna pa kuwahamishia, kila kitu kinasimama. Walipoteza karibu miezi miwili. Miezi miwili hiyo ikasogeza ufunguzi mwaka mzima, kutoka 2019 hadi 2020, kwa sababu ligi haihamishii timu katikati ya msimu. Kwenye viwanja vya michezo ratiba ndivyo ilivyo: ukichelewa wiki sita, umechelewa mwaka.

#6 Mdau_wa_Jukwaani

Mkuu Fundi, hapo kwa ratiba umenifungua macho. Na hilo paa? Los Angeles mvua haba, paa la nini?

#7 Fundi_Zege

Paa ni kwa ajili ya jua, matukio ya usiku na kuingia kwenye kinyang'anyiro cha kuandaa fainali kubwa. Si paa la kufunga kama sanduku. Ni mwavuli: juu kuna vibamba 302 vya plastiki nyembamba angavu iitwayo ETFE, iliyochapwa vitone ili kupunguza joto la jua, na vibamba 46 kati ya hivyo hufunguka kutoa hewa moto. Pembeni ni wazi, upepo wa bahari unaingia.

Sehemu inayonivutia zaidi ni tetemeko. Ufa wa Newport–Inglewood uko jirani kabisa. Bakuli la viti na paa ni majengo mawili yasiyoshikana. Paa linasimama kwenye nguzo zake nje ya bakuli, na kuna nafasi kati yao. Ardhi ikitikisika, bakuli linacheza kivyake na paa kivyake bila kugongana. Ungeviunganisha, nguvu zote zingekimbilia kwenye maungio na hapo ndipo kungepasuka.

Na paa hilo limebeba televisheni yenye pande mbili, yenye urefu kama wa uwanja wenyewe wa kuchezea, na uzito wa takriban tani 1,000. Sasa mtaelewa kwa nini makadirio ya mwanzo ya bilioni 1.86 yaliishia zaidi ya bilioni 5.

Kasoro moja ya pembeni kuwa wazi ilionekana Oktoba 4, 2021, Chargers wakicheza na Raiders. Radi zilipiga jirani, mchezo ukachelewa kuanza kwa zaidi ya nusu saa ingawa kila mtu alikuwa chini ya paa. Kwa kanuni za usalama, jengo lisilo na kuta si la ndani.

#8 Mkaguzi_Hesabu

Turudi kwenye neno "pamoja", maana uwanja wa pamoja si lazima uwe wa ubia.

SoFi ni wa upande wa Kroenke. Chargers ni wapangaji. Kodi yao ni dola 1 kwa mwaka. Watu wakisikia hivyo wanadhani wamepewa zawadi. Tazameni wanachoacha: jina la uwanja, matamasha, ndondi, hoteli, maduka na nyumba zinazouzunguka si vyao kuvisimamia. Hata fedha za leseni za viti walizouza kwa mashabiki wao zilielekezwa kwenye ujenzi.

Kwa wasioijua leseni ya kiti: ni malipo ya mara moja yanayokupa haki ya kununua tiketi ya msimu ya kiti hicho. Siyo tiketi. Tiketi unalipa tena kila mwaka. Rams waliuza viti vyao bora kabisa kwa leseni ya hadi dola 100,000 kwa kiti kimoja. Chargers, wageni wa mji, wakagundua soko lao halibebi bei hiyo, wakashusha leseni ya zaidi ya viti 26,000 hadi dola 100.

Hapo ndipo siri ya uwanja wa pamoja ilipo. Kiti kilekile kinauzwa mara mbili, kwa shabiki wa Rams na kwa shabiki wa Chargers. Timu moja ya NFL hucheza nyumbani mara 10 kwa mwaka ukijumlisha mechi za maandalizi. Ukiwa na timu mbili unapata siku 20. Siku nyingine 345 uwanja unahitaji kazi nyingine, na mwenye uwanja ndiye anayezivuna. Ukiniuliza kama mpangaji alifanya vibaya, jibu langu ni hapana: hakuwa na ardhi wala mtaji wa bilioni 5, na alikwepa hatari ya gharama kupanda mara mbili na zaidi. Lakini asisimuliwe kama aliyepata bure.

#9 Jukwaa_la_Mashariki

Nakubaliana nawe mkuu kwa hesabu, ila napingana kidogo na mtazamo. Mfano bora wa uwanja wa pamoja ni MetLife, kule New Jersey. Giants na Jets, timu mbili za New York, waliunda kampuni moja, nusu kwa nusu, wakaujenga kwa takriban dola bilioni 1.6 na kuufungua 2010, viti 82,500. Gharama nusu kwa nusu, mapato ya pamoja nusu kwa nusu. Kabla ya hapo Jets walikuwa wamekaa tangu 1984 kwenye uwanja uliobeba jina la mpinzani wao, Giants Stadium. Shabiki wa Jets anaingia "nyumbani" na kukuta jina la jirani mlangoni. Jambo hilo linauma kuliko kodi yoyote.

Kwa hiyo MetLife ilijengwa isiwe na rangi ya mtu. Viti vya kijivu, nje vipande vya alumini, na taa zinazogeuka buluu siku ya Giants na kijani siku ya Jets. Kila timu ina chumba chake cha kudumu cha kubadilishia nguo ambacho mwenzake hakitumii. Hili la mwisho msilidharau. Vyumba, ofisi, ghala la vifaa na chumba cha matibabu vikishirikiwa, mnagombana kila wiki. Nyasi na viti mnaweza kushirikiana, makabati hapana.

#10 Mkaguzi_Hesabu

Mkuu hapo umenishika. Kwa heshima ya shabiki, ubia ni bora. Nitaongeza tahadhari moja: nusu kwa nusu inataka njia ya kuvunja mkwamo iandikwe mapema. Mwaka ule wa 2010 suala la nani aufungue uwanja kwa mechi ya ligi liliamuliwa kwa sarafu, na Jets hawakufurahia. Giants wakacheza Jumapili Septemba 12, Jets Jumatatu Septemba 13.

#11 Nyasi_Bandia

Na hiyo Jumapili na Jumatatu ndiyo kazi yetu sisi watu wa chini, kwa hiyo nieleze usiku wa mabadiliko unavyokwenda kwenye nyasi bandia.

Rangi ya maandishi ya timu kwenye ncha za uwanja inakuwa ya aina inayoondoka. Mechi ikiisha unaanza na maji ya kuyeyusha rangi, unayanyunyiza na kuyaacha yafanye kazi dakika kadhaa. Inakuja mashine ya brashi zinazozunguka, inasugua, na nyuma yake inafyonza maji machafu. Unarudia hadi maji yatoke safi. Unakausha. Ndipo unalaza vielelezo vya herufi na kupuliza rangi mpya, tabaka jembamba, mara mbili. Wakati huohuo wengine wanabadilisha vitambaa vya kufunika kuta, mito ya nguzo za goli, bidhaa za dukani na picha kwenye skrini zote.

Yanayoharibika ni haya. Ukipuliza rangi nyingi kwa mkupuo, inashuka hadi kwenye chembe za mpira chini na haitoki tena: wiki ijayo kamera zinaonyesha kivuli cha jina la timu ya jana chini ya jina la leo. Ukisugua bila kukausha, rangi mpya inashika viatu. Ukisugua mara nyingi bila kurudisha chembe za mpira zilizofyonzwa, eneo lile linakuwa gumu kuliko kwingine na mchezaji anaumia goti. Kwa hiyo baada ya kila mabadiliko unapima kina cha chembe na ugumu wa uwanja kwa kifaa cha kuangusha uzito, sehemu kadhaa, na sehemu iliyosuguliwa usiisahau.

Njia ya kupunguza kazi: katikati ya uwanja weka nembo ya ligi, isiyobadilika. MetLife waliwahi kufanya hivyo.

#12 Mdau_wa_Jukwaani

Wakuu, huku kwetu Simba na Yanga wote wamecheza Mkapa kwa miaka. Hiyo tuiite aina gani?

#13 Nyasi_Bandia

Ni aina ya tatu, mkuu: mwenye uwanja ni serikali, klabu zote mbili wapangaji, hakuna aliye juu ya mwenzake. San Siro ya Milan ilikuwa hivyo kwa miongo mingi, mwenye nyumba akiwa manispaa, Milan na Inter wapangaji. Faida ni usawa. Tatizo ni kwamba mpangaji hatii fedha kwenye nyumba isiyo yake, kwa hiyo klabu hizo mbili za Italia zikaamua kuununua kwa pamoja ili zijenge mpya pale pale, na baraza la jiji likaidhinisha mauzo Septemba 2025.

Kiufundi, nyasi za asili hazipendi wapangaji wawili. Mechi moja inaacha vidonda, na vidonda vinahitaji siku. Ukiwa na paa refu na majukwaa marefu, jua halifiki na nyasi hazijitibu. San Siro ilipambana na hilo kwa miaka hadi ilipoweka nyasi mseto mwaka 2012, yaani nyasi hai zilizoshonewa nyuzi za plastiki ili mizizi ipate cha kushikilia. Mkapa wenye viti 60,000 una bahati ya jua la Dar es Salaam, lakini mechi mbili ndani ya siku mbili ni mzigo kwa nyasi hata huko. Kalenda ya kupumzisha nyasi iandikwe kwenye mkataba wa pango. Isiachwe iwe ombi la mtunza uwanja.

#14 Jukwaa_la_Mashariki

Kabla hatujasahau, kati ya kura na ufunguzi kuna miaka ya kungoja. Rams walicheza misimu minne, 2016 hadi 2019, kwenye Coliseum ya zamani. Chargers wakaenda Carson kwenye uwanja wa kabumbu wa watu 27,000. Nia ilikuwa ukaribu na tiketi za bei juu. Matokeo: mashabiki wa timu ngeni wakanunua viti, na kuna mechi Chargers walilazimika kutumia ishara za kimya kuanzisha mchezo wakiwa nyumbani, kwa sababu kelele ilikuwa ya wageni. Ukihamisha timu, uwanja wa muda ndio unaowatambulisha kwa mji. Rams waliotangulia mwaka mmoja, na ambao mji uliwahi kuwapenda kwa karibu miaka 50, hawakuumia hivyo.

Halafu SoFi ulipofunguliwa Septemba 13, 2020, Rams dhidi ya Cowboys, 20 kwa 17, viti vilikuwa vitupu kwa ajili ya korona.

#15 Pango_na_Sheria

Nirudi St. Louis, maana watu wa mji ule walistahili kusikilizwa. Walikuwa wameandaa mpango wa uwanja mpya kando ya mto, wenye fedha za umma kama dola milioni 400 ndani yake, na ligi ikasema hautoshi. Timu ikaondoka, na deni la uwanja wa zamani likaendelea kulipwa na walipa kodi miaka kadhaa baadaye.

2017 mji, wilaya na mamlaka ya uwanja wakashtaki. Hoja yao ilikuwa hii: miongozo ya ligi kuhusu kuhama, ile inayotaka nia njema, si mapambo; ni ahadi ambayo mji ulio mwenyeji una haki ya kuidai. Ligi ilisema ni mambo yake ya ndani. Mahakama za Missouri zikakataa kuifuta kesi, zikaamuru wamiliki watoe taarifa zao za fedha, na Novemba 2021, wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa, pande zikamalizana kwa dola milioni 790. Mawakili wakachukua takriban asilimia 35.

Kilichoisaidia St. Louis ni kumbukumbu: kila kikao, kila barua, kila kauli ya hadharani ya viongozi wa timu kwamba hawana mpango wa kuhama. Mji wowote wenye timu ya kulipwa uweke faili hilo tangu siku ya kwanza, na tarehe zake.

#16 Mdau_wa_Jukwaani

Swali la mwisho wakuu. SoFi ilipangiwa mechi 8 za Kombe la Dunia 2026. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani unatoshaje kabumbu?

#17 Fundi_Zege

Hautoshi bila kukata, mkuu. Futiboli yao ina upana wa mita 48.8 tu. FIFA inataka 105 kwa 68. Urefu si shida, upana ndio shida, na hasa pembe nne, kwa sababu majukwaa ya chini yamesogezwa karibu sana na mstari. Kazi inayofanyika ni mbili kwa pamoja: kuondoa viti vya pembeni kwenye kona, na kuinua sakafu ya uwanja. Bakuli ni kama faneli, kadiri unavyopanda ndivyo linavyopanuka, kwa hiyo ukiinua nyasi unapata upana bila kubomoa zege nyingi. Lakini kila sentimita unayoinua inaua uwezo wa kuona wa safu za mbele, mabango ya pembeni yanawakinga. Kwa hiyo safu hizo usiziuze, au uzipange upya.

Halafu juu ya zege na nyasi bandia unaweka tabaka la kupitisha maji, mchanga, na nyasi hai zilizokatwa shambani kwa mikunjo minene ili zisiteleze. Chini ya paa zinahitaji taa za kukuzia na feni. Anayepanga uwanja mpya wa matumizi mengi achore kwanza mstatili wa 105 kwa 68, aongeze mita chache kila upande za kukimbilia na kupigia kona, ndipo aanze kuweka kiti cha kwanza.